Unamwona Mtu Huyu?

Somo: Luka 7:36–50
Masomo ya ziada: Mwanzo 9:20–23, Mathayo 6:1–4, Luka 16:19–31



Kwa wiki mbili sasa kuna picha imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango mkubwa. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, na imejaa wanaume waliovaa kofia. Wengi mmeniuliza, "Pasta, hawa wazee wa zamani ni akina nani?" Ndugu mmoja alidhani ni waanzilishi wa kanisa. Hapana, si wao. Lakini kuna dada aliyeuliza swali ambalo nimelipenda zaidi. Alisimama pale, akaiangalia, akasema, "Sasa hii ni ya kufanyia nini?"

Leo nataka nijibu swali lake, kwa sababu mwisho wa mwezi huu tuna jambo la kuamua kama washirika, na naamini Roho wa Mungu anaweza kutumia hiyo karatasi kutufungua macho kabla hatujainua mikono kupiga kura.

PICHA YENYEWE

Ilipigwa mwaka 1933 katika mji wa San Francisco, Marekani, na mama mmoja aitwaye Dorothea Lange. Kwa Kiingereza inaitwa White Angel Breadline, yaani foleni ya mkate ya Malaika Mweupe. "Malaika Mweupe" ni jina ambalo watu walimpa mwanamke mwenye uwezo aliyeanzisha foleni ya chakula cha bure katika mji huo.

Mwaka huo hali ilikuwa mbaya. Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka. Baada ya hapo mabenki yakafungwa kwa maelfu, viwanda vikasimama, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne huko Marekani hakuwa na kazi. Nilipokuwa nasomea biashara chuoni, habari hii tulifundishwa kwa grafu. Mstari unashuka, unashuka, halafu unaanza kupanda. Tukaandika mtihani, tukapita. Lakini grafu haina mtu ndani yake. Hakuna mahali kwenye ule mstari unapoweza kuona mikono ya mtu mwenye njaa.

Hebu sasa tuiangalie pamoja. Kama hujaiona, ukitoka ibadani pitia pale uthibitishe.

Mpiga picha yuko juu kidogo, anaangalia chini. Mbele kuna kizuizi cha mbao. Nyuma ya kizuizi ni umati wa wanaume, bega kwa bega, na karibu wote wametupa kisogo. Unaona makoti na kofia. Lakini kuna mmoja ameelekea upande wetu. Ameegemea ule ubao, vidole vimeshikana, na katikati ya mikono yake kuna mkebe wa bati. Kofia yake imechakaa na ina madoa kuliko za wenzake. Hajanyoa ndevu. Macho yake hatuyaoni, kwa sababu ukingo wa kofia umeyafunika. Mdomo tunauona, na umefungwa.

Ni hayo tu. Hakuna anayelia, hakuna aliyenyoosha mkono kuomba. Lakini ukiangalia kwa dakika nzima, kitu kinakushika hapa kifuani.

Wengine wenu mnajua mkao huo. Ukipita Eneo la Viwanda alfajiri utaona vijana na wazee mbele ya mageti, kitambulisho mfukoni, wakingoja mtu atoke aseme, "Wewe, na wewe, na wewe mwenye sweta." Waliobaki huegemea ukuta hivyo hivyo, mikono imeshikana. Na wako humu ndani wasiohitaji kupita hapo ili waone, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamesimama hapo Jumatatu.

NYEUSI NA NYEUPE

Kabla hatujafungua Luka, niseme kidogo juu ya rangi. Wazee wetu wanakumbuka picha za studio za zamani. Karatasi ilipakwa kemikali zenye madini ya fedha, ikapigwa mwanga, ikatumbukizwa katika dawa ndani ya chumba cha giza. Mwanzoni ilikuwa nyeupe tupu. Halafu polepole sura ikaanza kutokea.

Tunaziita picha nyeusi na nyeupe. Lakini ikaribie, utafute nyeusi kamili au nyeupe kamili. Utapata vipande vidogo tu. Sehemu kubwa ni kijivu: kijivu cha koti, kijivu cha ubao, kijivu cha ngozi ya mkono. Hicho kijivu kikiondolewa, sura yote inapotea na inabaki mabaka.

Sasa twende nyumbani kwa Simoni.

Luka 7 inatuambia Farisayo mmoja alimwalika Yesu kula chakula. Mwanamke wa mji ule, aliyejulikana kuwa mwenye dhambi, akaingia na chupa ya marhamu. Akasimama nyuma, miguuni pa Yesu, akilia. Akailowesha miguu kwa machozi, akaipangusa kwa nywele, akaibusu, akaipaka marhamu. Simoni akaangalia yote hayo, akasema moyoni kwamba Yesu angekuwa nabii kweli angejua huyu ni mwanamke wa namna gani.

Tafadhali shika hilo neno, "wa namna gani." Simoni hakuona mtu, aliona namna. Alikuwa na mabaka mawili tu akilini, safi na mchafu, na mama yule aliwekwa upande wake kabla hajafika mezani. Machozi hayo Simoni hakuyahesabu, wala hakujiuliza ile marhamu iligharimu kiasi gani.

Ndipo Yesu akafanya jambo ambalo tunalisoma haraka na kulipita. Mstari wa 44 unasema alimgeukia yule mwanamke, huku akizungumza na Simoni. Umeona hiyo? Uso uko kwa mwanamke, maneno yanamwendea Simoni. Na neno la kwanza ni swali: je, anamwona mwanamke huyu?

Simoni angeweza kujibu, "Bwana, nina macho, tangu aingie namwangalia yeye tu." Na angesema kweli. Lakini kuangalia si kuona. Mwambie jirani yako: kuangalia si kuona.

Kuna mambo matatu ninayotaka tujifunze, na picha yetu itatusaidia katika kila moja.

KWANZA: ANAYETAKA KUONA LAZIMA ASHUKE

Dorothea Lange hakuwa mtu wa kupiga picha barabarani. Alikuwa na studio yake San Francisco, na wateja wake walikuwa watu wenye nazo. Walikuja wamevaa vizuri, wakakaa, wakapigwa picha nzuri, wakalipa. Kama mtu wa biashara nawaambia, hapo hakuna sababu ya kutoka nje. Lakini aliangalia dirishani akaona wanaume wasio na kazi wakizurura barabarani, na ikafika siku hakuweza kuendelea kubaki ndani. Alichukua kamera akashuka. Baadaye alieleza kwamba picha hii aliipata siku ya kwanza alipoenda mahali ambapo watu walikuwa wakimwonya asiende.

Mjue pia kwamba mama huyu alikuwa akichechemea. Aliugua polio akiwa na miaka 7, na mguu wake wa kulia haukupona maisha yake yote. Alisema mwenyewe kwamba ugonjwa ule ulimfinyanga, ukamfundisha, na pia ukamnyenyekeza. Nadhani ndiyo maana alijua kuwaangalia watu walioumizwa bila kuwadharau. Ndugu yangu, kile kitu unachochechemea nacho, ambacho umekiombea kikakataa kuondoka, huenda ndicho Mungu atakachotumia kukufundisha kumwona mwingine.

Aliporudi alitundika picha hii ukutani kwenye studio yake. Wateja wakaingia, wakaitupia jicho. Na unajua walimwuliza nini? Walimwuliza anataka kufanya nini na kitu kama hicho. Dada yangu uliyeniuliza swali lile, hauko peke yako. Swali lako lina miaka zaidi ya 90.

Katika Luka 16, tajiri aliishi na Lazaro mlangoni pake. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimpita tu, akitoka na akiingia. Alikuwa na dirisha, hakushuka. Alipokuja kumwona vizuri, alimwona kwa mbali, na wakati ulikuwa umepita. Tunayemhubiri sisi ni Bwana aliyeacha enzi akashuka. Hakutuhurumia kutoka dirishani.

PILI: ANAYEONA HUONA MMOJA

Wanaume walikuwa wengi kwenye foleni ile. Lange angeweza kupiga picha ya umati, watu wakasema, "Lo, ni wengi!" na kugeuza ukurasa. Lakini alimtafuta mmoja aliyegeuka.

Mimi napenda hesabu, na sitaacha kuzipenda. Ndiyo maana kila Alhamisi tunahesabu sahani za githeri na vikombe vya uji, na kila shilingi inaandikwa. Mchungaji asiyehesabu kondoo hatajua kwamba mmoja amepotea. Lakini kumbukeni, yule mchungaji wa Luka 15 alihesabu hadi 99, kisha akaondoka kwenda kumtafuta mmoja. Hesabu ilikuwa na kazi ya kumwonyesha anayekosekana. Hesabu ikiishia kwenye ripoti, imekuwa grafu tu.

Ninyi mnaopakua chakula siku ya Alhamisi, nawauliza kwa upendo: mnajua majina mangapi kwenye laini? Mama anayekuja na mtoto mgongoni anaitwa nani? Yule mzee anayesimama wa mwisho kila mara, anatokea wapi? Tumezoea kusema "watu wa Alhamisi." Mpendwa, hiyo ni lugha ya Simoni. Hao ni watu wa namna gani? Ni wa Alhamisi. Basi, tumemaliza.

TATU: UPENDO HUONA YOTE, LAKINI HAUONYESHI YOTE

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Rudini kwenye kofia ya yule mwanamume. Macho yake hatuyaoni. Ameteremka hadi kwenye foleni ya chakula cha bure, lakini bado ana kitu chake ambacho hakipatikani kwa yeyote anayepita. Picha haikumvua kofia. Tunaona njaa yake, tunaona uchovu wake, lakini yeye mwenyewe amebaki amefunikwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu picha hii haichoshi. Inakufanya umheshimu mtu hata kabla hujamhurumia.

Tazama Luka naye alivyoandika. Katika sura ya 7, mwanamke mwenye dhambi hana jina. Mji mzima ulimjua, lakini sisi tunaosoma leo hatumjui. Luka amemfunika. Katika sura ya 16, maskini amepewa jina, Lazaro, na tajiri ndiye hana jina. Mwandishi ni yule yule. Palipokuwa na heshima katika kutaja, alitaja. Palipokuwa na aibu katika kutaja, alifunika. Hiyo ndiyo hekima ya upendo, na Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4 mstari wa 8, anatufundisha kwamba upendo hufunika.

Nuhu alipolala ndani ya hema akiwa uchi, Hamu aliona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Hamu ndiye mtu wa kwanza kuposti. (Cheka, lakini usikie.) Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume wakamfunika baba yao bila kuutazama uchi wake. Wote watatu walijua habari ile ile. Baraka na laana ziligawanyika pale pa kuionyesha au kuifunika.

Sasa tuongee ukweli wetu wa leo. Tunaishi wakati ambapo mtu hapewi pakiti ya unga bila kupigwa picha. Anayetoa anashika upande mmoja, anayepewa anashika upande wa pili, wanasimama hivyo mpaka simu ilie. Wanasiasa wanafanya. Mashirika yanafanya. Makanisa yanafanya. Na Bwana wetu katika Mathayo 6 alikwisha kusema juu ya wanaopiga tarumbeta wakitoa sadaka, kwamba thawabu yao wamekwisha kuipata. Siku hizi tarumbeta ina kamera mbele na nyuma.

Kuna mama anayekuja Alhamisi aliyeniomba jambo, na amenipa ruhusa kulisema bila kumtaja. Ana mwana anayesoma shule ya sekondari. Aliniambia, "Pasta, uji nauhitaji, siwezi kukudanganya. Lakini picha ikiingia kwenye simu za watoto wa darasa lake, huyo kijana hatarudi shule." Wapendwa, mama huyo alikuwa tayari kukosa uji. Alipima njaa ya watoto wake upande mmoja na aibu ya mwanawe upande wa pili. Hakuna mtu anayefaa kupewa mzani wa namna hiyo mlangoni mwa nyumba ya Mungu.

Na msidhani ni woga wake tu. Mwaka 1936 huyo huyo Dorothea Lange, akifanya kazi ya serikali, alimpiga picha mama mmoja kule Nipomo, California, katika kambi ya wachuma njegere waliokwama bila chakula. Picha ile, Migrant Mother, ni maarufu kuliko hii yetu. Ilipochapishwa na gazeti la San Francisco, chakula kilipelekwa kambini haraka. Lakini mama mwenyewe na watoto wake walikuwa wamekwisha kuhama. Lange hakumwuliza jina. Miaka zaidi ya 40 baadaye, mwaka 1978, alijulikana: Florence Owens Thompson. Na alisema angependa picha ile isingepigwa, maana hakupata hata senti moja kutokana nayo. Dunia nzima ilikuwa imemwangalia, na hakuna aliyekuwa amemwuliza anaitwa nani. Mwishoni, alipokuwa mgonjwa mwaka 1983, watu wengi walituma barua na michango, na wanawe wakaanza kuiona picha ile kwa macho mengine. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini alingoja karibu miaka 50.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba picha ni mbaya. Picha ililisha watu Nipomo. Picha iko kwenye ubao wetu na imenihubiria mimi mwenyewe. Ninachosema ni kwamba kamera haina upendo ndani yake. Upendo unatoka kwa aliyeishika, na swali la Yesu linamhusu yeye kwanza: je, unamwona mtu huyu?

JAMBO LILILO MBELE YETU

Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada ya pili, mkutano wa washirika utapokea pendekezo la kamati ya huduma ya Alhamisi. Lina mambo matatu.

La kwanza, tusipige picha ya uso wa mtu yeyote akiwa kwenye laini ya chakula au akipokea chakula. Anayetaka kutoa ushuhuda wake kwa hiari atatoa siku nyingine, akiwa ameketi, amekula, ameelezwa picha itaenda wapi, na anajua anaweza kukataa bila kupoteza sahani yake. Hata sheria ya nchi imetutangulia hapa. Katiba ya 2010 inalinda heshima ya kila mtu katika kifungu cha 28 na faragha yake katika kifungu cha 31, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Itakuwa aibu sheria imfunike maskini na kanisa limvue nguo.

La pili, kila anayehudumu Alhamisi ajue watu 10 kwa majina, awaombee kwa majina.

La tatu, ripoti kwa marafiki wanaotusaidia iendelee kutoka kila mwezi, ikiwa na hesabu kamili na risiti, na picha za jikoni, za magunia, za mikono inayopakua. Mikono inasema mengi. Iangalie ile iliyo kwenye ubao.

Najua gharama. Nimesomea masoko, na najua uso wenye huzuni hufungua mfuko haraka kuliko risiti. Baadhi ya marafiki wetu wametuambia wazi kwamba wanataka kuona nyuso, na inawezekana wengine wataacha kutuma. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, aliuliza kwenye kamati, "Mwenye njaa atakula heshima?" Hilo ni swali zito, na sitaki kulipita kwa Haleluya.

Jibu langu ni hili. Hapana, heshima haijazi tumbo. Lakini ule uji hatukuuita biashara, tuliuita upendo wa Kristo. Mtu akilazimika kuulipia kwa uso wake, basi tumemuuzia, na tumemuuzia kwa bei ambayo sisi wenyewe hatungekubali kulipa. Jiulize: ungekuwa wewe, ungependa picha yako ukiwa na sufuria mkononi ibandikwe kwenye kundi la WhatsApp la familia ya mkeo?

Na pengo la fedha likitokea, litazibwa na nani? Na sisi. Watu 100 wakileta pakiti moja ya unga ya kilo 2 kila mwezi, hizo ni kilo 200. Hiyo si hesabu ya imani hata, ni hesabu ya darasa la nne. Tumekuwa tukiwategemea watu wa mbali wawaone jirani zetu kupitia simu, ilhali sisi tuko umbali wa mlango tu. Kama mfuko wa mbali utafungwa na mkono wa karibu ukafunguka, nitasema Mungu ametutendea mema.

Sitawaambia mpigeje kura. Ila nawaomba kila mmoja, kabla ya siku hiyo, asimame mbele ya ule ubao dakika moja kamili kwa saa. Usipige picha ya picha, tafadhali. Simama tu. Angalia mkebe, angalia vidole, angalia mahali ambapo macho yamefunikwa. Halafu Alhamisi moja njoo, usimame kwenye laini karibu na mtu, umwulize jina lake, na umwambie lako.

Pengine wewe unayesoma haya ndiye uliye nyuma ya kizuizi. Umeshuka mahali ambapo hukuwahi kufikiri utafika, na umeteremsha kofia ili wanaokujua wasikutambue. Hajiri alipokuwa jangwani, amekimbia, hana mtu, alikutana na Mungu akampa jina la Mungu aonaye (Mwanzo 16:13). Mungu huyo bado anaona. Anajua jina lako. Na yeye hakutangazi. Alimwacha Mwanawe avuliwe nguo msalabani hadharani, ili wewe ufunikwe.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tuguse macho yetu. Tuondolee macho ya Simoni yanayoona namna bila kuona mtu. Tushushe kutoka madirishani petu. Tufundishe jina la jirani. Uwafunike wote wanaosimama kwenye laini wiki hii, wa chakula na wa kibarua, uwape riziki yao bila aibu. Na utuongoze tutakapoamua, tusiogope kupungukiwa kwa ajili ya kumheshimu uliyemwumba kwa mfano wako. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani:

1. Someni Luka 7:36–50 kwa sauti. Simoni aliona nini, na Yesu aliona nini?
2. Ni kundi gani la watu katika mtaa wako unaloliita kwa "namna" yao? Taja mtu mmoja ndani ya kundi hilo ambaye unaweza kujifunza jina lake wiki hii.
3. Je, umewahi kusaidiwa kwa njia iliyokufunika? Umewahi kusaidiwa kwa njia iliyokuvua? Anayetaka kusema aseme, na lisemwalo kikundini libaki kikundini.